Mshtakiwa Aliyeko Mtoni

Korti ninayoisimulia sitaitaja jina. Kibanda changu cha chai kimeegemea ua wake, na mwenye kibanda hagombani na mwenye ukuta. Itoshe kusema iko huku kwetu upande wa Garsen, na siku za kesi sufuria yangu haipoi.

Watu hukaa kwenye mabenchi yangu wakaulizana kwa nini kesi hukawia, na kila mmoja ana jibu lake. Mahakimu ni wachache. Mafaili ni mengi. Barabara imekatwa na maji, wakili ana kesi nyingine Malindi, shahidi amefiwa. Yote ni kweli, sikatai. Lakini mimi Nadhira, mzaliwa wa Kipini, niliyekaa hapa nikimimina chai hadi najua kikohozi cha kila karani, nina kisa cha Truphena Kavumbi. Nikishakimaliza utaniambia kama majibu hayo yanakutosha. Mimi yalinichosha kitambo.

Truphena ni Mpokomo wa Idsowe, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto na mtu akaitika. Mumewe alimwachia kipande cha shamba ukingoni mwa Tana, kile ambacho mto ukifurika unakilaza, na ukirudi kwake unakiachia tope jeusi. Tope hilo ndilo mali yenyewe. Mpunga unataka kutiwa likiwa bado bichi. Ukichelewa jua linaligeuza tofali, na hapo hata jembe linakucheka.

Si mwanamke wa kubembelezwa. Mchungaji wake wa kanisani alimwambia siku moja asamehe saba mara sabini kama ilivyoandikwa, naye akamjibu kwamba ng'ombe wa Kalla wameshapita shambani zaidi ya hapo. Mchungaji akaona amwombee tu.

Huyo Kalla ni mzee wa Kiorma, mfugaji, na yeye na ndugu yake Adan walikuwa na malka iliyopakana na shamba la Truphena. Malka huku kwetu ni njia ya mifugo kuteremkia mtoni kunywa maji. Neno ni la Waorma, ila Wapokomo wanalitumia, na hata sisi Waswahili tumelizoea. Tangu enzi za baba zao ng'ombe walishuka huku, mpunga ukamea kule, na salamu zikaenda pande zote mbili. Halafu yakaja mafuriko ya 2018. Mto ulipotulia, malka ya Kalla haikuwepo. Ukingo ulikuwa umemegeka, pamebaki genge ambalo ng'ombe akiteremka hapandi tena. Na kiu haina adabu. Ng'ombe wakakata kupitia kwenye mpunga wa Truphena, uliokuwa ndio kwanza unachanua.

Truphena alifika mjini na matope miguuni, akaingia kwa Shamsudin, bwana mwenye kompyuta na printa anayewaandikia watu mashtaka yao. Shamsudin alikuwa mgeni, katoka Mombasa majuzi, bado anauliza njia ya sokoni. Yaliyosemwa mle ndani alikuja kunisimulia mwenyewe baadaye, kashika kichwa.

"Unawashtaki kina nani, mama?"

"Andika Kalla. Andika Adan. Andika na hiyo malka ya Kalla, maana ndiyo iliyoniingilia shambani!"

"Malka ni mwanamume au mwanamke?"

"Usinichekeshe wewe! Ni shetani! Andika!"

Shamsudin akaandika. Mshtakiwa wa kwanza Kalla, wa pili Adan, wa tatu Malka Kalla. Yote kwa Kiingereza safi, Truphena akatia kidole gumba, akaenda zake ameridhika kama mtu aliyetema pilipili.

Korti ilipokea kesi na kutoa amri ya muda. Mpaka kesi iamuliwe, kipande kile kisilimwe na Truphena wala kisipitwe na ng'ombe wa Kalla. Kila upande ukafungwa mkono. Kwa nje ilionekana ni haki, na pengine ilikuwa haki, lau muda ungekuwa muda. Misimu ikaanza kupita. Tope lilikuja, likakauka, likaota magugu. Truphena akawa analima vibarua vya watu, yeye mwenye shamba lake. Kalla naye akawa anazungusha ng'ombe mbali, kwenye malka za koo nyingine, ambako walipokelewa kwa bakora.

Tarehe zilipofika, karani alitoka mlangoni akaita, "Truphena Kavumbi dhidi ya Kalla na wenzake wawili!" Hivyo ndivyo kesi huitwa, kwa mkato, na Malka alikuwa amejibanza humo ndani ya wenzake wawili asijulikane. Mle ndani mambo yalikwenda kwa Kiingereza. Mkalimani wa Kiorma alikuwa mmoja anayegawanywa kila mahali, siku akipatikana anatafsiri kwa haraka, macho kwenye saa: "Mmoja hajapata samansi. Kesi itatajwa tena."

Kutajwa! Neno hilo linanipandisha joto hadi leo. Kesi haisikizwi, inatajwa, kama jina la marehemu kwenye hitima, kisha watu wanatawanyika. Hakimu wa kwanza alihamishwa. Wa pili akaenda likizo ya uzazi. Ikaja korona milango ikafungwa. Ukaja uchaguzi. Wa tatu alikuwa na bidii, Mungu amjalie, lakini kila alipofungua faili alikuta mshtakiwa wa tatu hajapatikana, na sheria inasema huwezi kumhukumu mtu ambaye hana habari. Akaagiza atafutwe. Kisha naye akahamishwa.

Sasa sikiliza uchungu wenyewe. Truphena aliposikia mmoja hajapatikana, alijua moja kwa moja kwamba ni Kuno, mtoto wa Kalla, aliyehamia Madogo kufanya biashara ya mbuzi. Wamemficha, akasema, ili kesi isiishe. Kalla naye aliposikia hivyo hivyo, akajua Truphena amemshtaki hadi mtoto wake asiyehusika, akampigia Kuno simu akamwambia akae huko huko asikanyage Garsen. Wazee wale wawili wakachukiana kwa ajili ya kijana ambaye hakuna aliyemshtaki. Kwangu walikaa benchi moja huku na benchi moja kule, wamepeana migongo, na mimi katikati na birika langu.

Cynthia, binti yake Truphena, alikuja siku moja kumchukua. "Mama, achana na kesi hii. Utakuja kufa kwenye hili benchi."

"Hapa siwezi kufa," Truphena akamjibu. "Wataahirisha mazishi."

Watu walicheka. Mimi nilimtazama mikono. Ilikuwa mikono ya mtu anayelimia wengine, na niliona hasira ikinipanda hadi nikamwaga chai ya mteja.

Mwaka 2024 mto ulifurika tena, mara hii kwa kiburi, ukafunika hadi barabara. Maji yalipoanza kuondoka tope lilibaki zito na jeusi. Wazee wa Idsowe walisema hawajaliona la namna hiyo tangu utoto wao. Truphena akaja siku ya kutajwa na habari hiyo tu mdomoni. "Nadhira, nimelishika kwa mkono. Linanukia. Msimu huu ukinipita, dada yangu, sidhani nitauona mwingine kama huu na nguvu za kuinama nikiwa nazo." Hakulia. Alilisema kavu kabisa, na kwa hilo liliniuma zaidi.

Asubuhi hiyo hiyo akaingia Nicholas, mpeleka samansi mpya, matope hadi magotini, akatupa mfuko wake juu ya meza yangu.

"Mama, nipe chai ya rangi, iwe tamu. Nimetoka Idsowe tena kumtafuta mtu mmoja, na wale watu wananifanyia mchezo. Kila ninayemuuliza ananiambia, teremka mtoni. Nikiteremka sioni mtu. Nimesoma ripoti za wenzangu walionitangulia, nao hivyo hivyo: hakupatikana, yuko mtoni. Hakupatikana, yuko mtoni. Jana bibi mmoja ameniapia kwamba aliliwa na mto tangu 2018! Mtu ameliwa na mto na hakuna hata cheti cha kifo. Sasa mimi niandike nini?"

"Mtu gani huyo?" nikamuuliza.

"Malka. Malka Kalla. Mshtakiwa wa tatu."

Kwenye benchi la kulia mzee Kalla aliweka kikombe chini. Akageuka polepole. "Malka yangu?"

"Ni nani wako, mzee? Mke? Binti?"

"Malka iko mtu?" Kalla akauliza, akinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemzaa huyo Malka. Kisha akaanza kucheka, mzee ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, akacheka hadi kilemba kikamlegea. "Wanatafuta malka! Wanatafuta malka na samansi! Ngoja nilete ngombe iwaoneshe!"

Nami nilicheka, kwa nini nidanganye. Nicholas hakuelewa hadi nilipomweleza, na alipoelewa akaziba uso kwa mikono miwili. Kisha nikamwona Truphena na cheko likanikauka. Alikuwa amesimama. Alikuwa anakumbuka kwa Shamsudin, uliona wazi anakumbuka.

"Nilisema mimi," akasema. "Ni mdomo wangu huu. Lakini mdomo wangu ulikosea asubuhi moja, Nadhira. Asubuhi moja! Hao wengine wamelibeba hilo jina miaka yote hii, mmoja anampokeza mwenzake, na hakuna aliyeuliza hata mara moja, huyu Malka ni nani."

Kalla alikuwa ameacha kucheka. "Mimi nilisema wewe umeshitaki Kuno."

"Mimi nilisema wewe umemficha Kuno."

"Kuno iko Madogo, inauza mbuzi. Miaka sita haijakuja kusalimia mama yake, sababu yangu." Sauti ilimvunjika kidogo pale kwenye mama, akakivuta kilemba akijifanya anakifunga.

Nilifunga kibanda nikawafuata ndani. Hakimu alikuwa mpya, wa nne, mwanamke mpole mwenye miwani. Karani aliita kesi, na kabla mkalimani hajafungua kinywa Truphena alikuwa mbele. "Mheshimiwa, Malka si mtu. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Nilikosea kusema, wakakosea kuandika, na mmekuwa mkiingoja njia ije hapa isimame na kujibu. Haiji. Haina miguu."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata hakimu aliuma mdomo. Akasoma faili, akaliinua hili, akaliweka lile, akavua miwani. Akasema kweli, kuna makosa, na anasikitika. Kisha akaeleza kwa Kiswahili kizuri, bila haraka: hati ya mashtaka itabidi irekebishwe, washtakiwa wapewe upya, wajibu upya, halafu ndipo kesi ipangiwe kusikizwa. "Itatajwa mwezi wa tisa."

"Na mpunga?" Truphena akauliza.

"Mpunga gani, mama?"

"Tope liko bichi sasa. Mwezi wa tisa ni tofali."

"Naelewa. Lakini amri ipo mpaka kesi iamuliwe. Korti haiendeshwi kwa majira ya mpunga."

"Wala mpunga hauendeshwi kwa majira ya korti."

Askari alisogea. Hakimu akamzuia kwa mkono. "Mama Truphena, nakuonya kwa heshima. Ukilima kipande hicho utakuwa umedharau korti, na kwa hilo unaweza kufungwa."

"Nimeiheshimu korti hii kabla wewe hujaletwa hapa, Mheshimiwa," Truphena akasema. "Nimeiheshimu hadi nimeisha." Akatoka bila kungoja kuambiwa.

Nilimkuta nje, uani, na Kalla yuko nyuma yake na fimbo yake. Sikuhitaji kujificha kuwasikiliza, Truphena hana sauti ya siri.

"Mzee Kalla, kesho napanda. Sikuombi ruhusa. Nakwambia ili usije ukasema nilikuvizia. Ukitaka kunirudisha humo ndani, haki yako."

Kalla alichora chini kwa ncha ya fimbo. "Ngombe yangu inapigwa kwa malka ya watu," akasema mwisho. "Inarudi na alama kwa mgongo. Wewe panda, Mama Cynthia. Mimi napita hapo kando, kwa ile migomba ya zamani. Adan inaweka miiba, ngombe haioni mpunga yako."

"Kando tu?"

"Kando tu."

"Ng'ombe mmoja akitia mdomo kwenye mpunga wangu, Kalla, nakushtaki tena."

"Shitaki. Lakini mara hii shitaki mtu."

Basi waliivunja amri ile mchana kweupe. Sikusimuliwa, nilikwenda mwenyewe, nikaacha sufuria zangu zipoe. Wanawake wa Idsowe walikuja na mbegu kwenye nyungo, wakaingia topeni hadi magotini, na Truphena mbele yao anaimba vibaya kwa sauti kubwa. Kando ya migomba, Adan na watu wake walikuwa wanapanga miiba, na ng'ombe wa kwanza aliposhuka kunywa, Kalla alimpiga mgongoni kwa kiganja kama anayempongeza. Mwanamume mmoja wa kijijini alipita akasema kwa sauti ya busara, "Mtafungwa nyote." Truphena akamwambia ashike upande ule wa uzi wa kunyooshea mistari ya mpunga, kwa kuwa yuko hapo bure. Akaushika.

Nilimuuliza pale pale kwa nini asiifute kesi, sasa wameelewana. Alinikata jicho. "Nifute kwa nini? Nilikosea jina, sikukosea kudai haki. Leo yuko Kalla na mimi niko. Kesho hatupo, na watoto wetu wataanza kupigana upya. Nataka hukumu yangu, imeandikwa. Ila siingoji tena nikiwa na njaa."

Mwezi wa tisa ukafika. Hati zilikuwa zimerekebishwa, Shamsudin amezichapa upya bila malipo, na Nicholas alizipeleka kwa wenyewe mkononi, mmoja mmoja. Kuno alikuja kutoka Madogo na mbuzi wa mama yake, akawapeleka nyumbani kisha akaja kukaa safu ya nyuma aione hiyo kesi iliyomfukuza. Korti ilijaa. Hakimu aliwatazama wote, kisha akauliza taratibu.

"Nimesikia kipande kimelimwa. Ni kweli?"

Truphena alisimama. "Kweli. Nimelima mimi."

"Na ng'ombe?"

Kalla naye akasimama. "Imepita. Ya kwangu. Yote."

"Mnajua nilichowaambia?"

"Tunajua," wakasema, si kwa pamoja, lakini karibu.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Kuna yeyote anayelalamika kwamba amri imevunjwa?" Akamtazama Truphena. Akamtazama Kalla. Adan alikuwa anahesabu mabati ya paa.

"Muulizeni Malka!" sauti ikatoka nyuma.

Sauti hiyo ilikuwa yangu. Askari alinishika mkono akanitoa nje, nami nikatoka kwa heshima zote, nikazunguka hadi dirishani, na yaliyobaki niliyasikia nimeshika nondo za dirisha.

Hakimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutoona jambo, kwamba kwa vile hakuna mlalamishi, hilo la amri ataliacha lilivyo. Washtakiwa ni wawili na wote wapo. Hati ziko sawa. Mkalimani yupo. Hakuna tena kizuizi, akasema, na nilisikia watu wakivuta pumzi, maana tulijua linalokuja na hatukuwahi kulisikia. Kesi haitatajwa tena. Itasikizwa. Itasikizwa siku moja, mwanzo hadi mwisho, na korti yenyewe itakwenda Idsowe kuiona hiyo njia kwa macho. Akafunua kalenda, akataja tarehe, katikati ya mwezi wa kumi na moja.

"Mama Truphena, tarehe hiyo inakufaa?"

Truphena alihesabu kwa vidole, bila haraka, korti nzima ikimngoja.

"Hainifai, Mheshimiwa," akasema. "Nitakuwa navuna. Kesi yenu itasubiri."